Baiskeli ya Gia Mlimani Kapala

Sista Marsela alipoletwa kwenye zahanati yetu, chini ya milima ya Mwese, alishuka kwenye lori la maharage akiwa na sanduku la bati, godoro lililoviringishwa kwa kamba, na baiskeli nyeusi ya kike. Hakuwa mtawa. Huku kwetu kila mwanamke anayechoma sindano ni sista. Alikuwa Mfipa wa upande wa Sumbawanga, mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba watoto walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Mume hakuwa naye. Wengine walisema aliachwa, wengine walisema hakuwahi kuolewa, na yeye hakumsaidia mtu yeyote kulimaliza swali hilo.

Nyumba ya mtumishi ilikuwa ng'ambo ya kijito, peke yake, na ua wake wa mabua. Tabibu wa zahanati alikuwa na mji wake kijijini, mke na watoto, kwa hiyo ile nyumba akaachiwa Marsela. Tulimpelekea mboga siku za mwanzo, kama ilivyo desturi. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasimama mlangoni. Hakujua kumkaribisha mtu akae. Baada ya muda tukaacha kwenda, na hakuna aliyeona kwamba tumeacha.

Kazi yake kubwa ilikuwa chanjo. Kila Alhamisi alifunga kisanduku cha chanjo kwenye karia, akapachika barafu kutoka kwenye friji la mafuta ya taa, akapanda kwenda vitongoji vya juu, ambako akina mama walimsubiri kwenye jengo la kanisa. Kutoka zahanati hadi chini ya mlima wa Kapala njia ni tambarare, unakanyaga pedeli huku unafukuza mbung'o kwa tawi la majani. Baada ya hapo hakuna baiskeli inayokanyagika. Unashuka, unashika usukani, unasukuma. Mlima wenyewe una mawe ya kuteleza na makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, na unapanda hadi unaona huruma kwa magoti yako.

Hapo mlimani ndipo alipokutana na Libérate.

Libérate, ambaye wote tulimwita Mama Arcade, alikuja nchi hii akiwa msichana, mwaka wa sabini na mbili, pamoja na wale waliokimbia Burundi. Aliolewa na mwanamume mmoja Mbende, mwenyeji wa huko juu, akazaa mtoto mmoja, Arcade, kisha mume akafariki. Arcade alipokua alihamia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, kwa mjomba wake. Mama akabaki na shamba lake la maharage na viazi. Gulio letu lilikuwa Jumatano. Alishuka na kikapu, akauza, akalala kwa mama mmoja wa kwaya, na Alhamisi asubuhi akapanda kurudi kwake na chumvi, sabuni na dagaa wa Ziwa Tanganyika.

Siku ya kwanza alimkuta Marsela amesimama katikati ya mlima, kifua kinapanda na kushuka, baiskeli imemwegemea kama mlevi.

"Sista, unaivuta au inakuvuta?"

"Sijui tena, mama."

"Weka dagaa zangu hapo juu ya hicho kisanduku. Wewe shika mbele, mimi nisukume nyuma."

"Utachoka."

"Nikiwa na kikapu kichwani sichoki?"

Wakapanda hivyo. Alhamisi iliyofuata Libérate alikuwa amekaa juu ya jiwe, anamsubiri. Ikawa kazi yao. Mmoja mbele, mwingine nyuma, na kwa sababu hawakutazamana usoni, maneno yalitoka. Libérate alisimulia nguruwe pori waliokula viazi vyake wakaacha vya jirani, na wifi yake aliyekuwa akija kuomba moto ili apate kuchungulia chunguni. Marsela naye, yule tuliyedhani hana la kusema, alisimulia. Alisema mama yake kule Sumbawanga amepoteza kumbukumbu, na Marsela alipokwenda likizo ya mwisho, mama huyo alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa.

"Ukafanyaje?" Libérate aliuliza kutoka nyuma.

"Nikaitika."

"Ulifanya vizuri."

"Sijui, mama. Nilikaa naye wiki nzima nikiwa mtu mwingine. Nilipoondoka alilia, lakini hakunililia mimi."

Libérate alisukuma kwa nguvu zaidi, na Marsela alihisi baiskeli inakuwa nyepesi.

Haya alinisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, kwa ile sauti yake ndogo. Sisi wa bondeni hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba Alhamisi jioni alirudi amechoka sana, akavuka kijito, akafunga mlango, na kesho yake uso wake ulikuwa na nuru kidogo.

Tatizo lilikuwa barafu. Kwa kusukuma ule mlima alifika juu jua limeshakuwa kali, akina mama wengine wameshakata tamaa wamekwenda mashambani, na barafu imekuwa maji. Mara kadhaa alilazimika kumwaga dawa ya surua mbele ya watu, kwa sababu haikufaa tena. Mwaka ule surua ilipita huko juu na kuzika watoto. Marsela alikwenda kwenye misiba. Alikaa nyuma kabisa, na hakula.

Kwa hiyo mwaka wa tisini na nne, gari la mradi wa chanjo lilipokuja kutoka Mpanda na baiskeli mpya juu ya paa, hakuna aliyesema haihitajiki. Ilikuwa nyekundu, matairi manene yenye meno, usukani umenyooka kama mpini wa jembe, na nyuma mnyororo na magurudumu madogo ya meno yamepangana, kubwa juu ya ndogo. Ilikuwa ya gia. Tulikuwa tumesikia habari zake, kwamba mjini vijana wanazo, lakini hakuna aliyekuwa ameishika. Bwana wa mradi alimwonyesha jinsi ya kubadili kwa kidole gumba.

"Ukifika mlimani unaweka hapa," alisema. "Miguu itazunguka haraka, lakini utapanda. Hutashuka."

"Hata Kapala?"

"Hata ukuta, sista. Hiyo ya zamani uipumzishe sasa."

Haikuwa na karia. Fremu yake haikuwa hata na matundu ya kufungia. Marsela akaipeleka kwa Thadei, fundi wetu wa baiskeli, aliyekuwa akifanya kazi chini ya paa la nyasi sokoni. Thadei aliizunguka, akaigusa hapa na pale.

"Hii nikiifungua sijui kama itafungika," alisema. "Spana yake sina. Ila kisanduku chako nitakitengenezea kitanda cha mti, nikifunge na mpira."

"Kisanduku peke yake?"

"Ukiongeza kitu kingine kitaingia kwenye hizo gia. Unataka kubeba nini?"

"Hapana, nauliza tu."

Ile nyeusi aliiacha hapo hapo kwa Thadei. Alimwambia aitunze. Baada ya majuma machache Thadei akamwomba gurudumu la mbele kwa ajili ya mteja, akakubali. Kisha akaomba cheni. Marsela akasema chukua.

Fremu ya baiskeli mpya ilikuwa na bomba la juu, na kwa sketi ya kazi asingeweza kuipanda. Akashona mwenyewe sketi pana iliyogawanyika katikati kama kaptula ndefu. Watu walisema siku mbili tatu, wakachoka kusema.

Alhamisi ya kwanza Libérate alikuwa kwenye jiwe lake. Alisimama, akaitazama ile baiskeli, akapiga makofi mara moja.

"Sasa dagaa zangu zinakaa wapi?"

"Hazina pa kukaa, mama. Nitasukuma tu, twende pamoja."

Wakaenda hatua kadhaa. Libérate alikuwa na kikapu kichwani, Marsela anasukuma chuma kisichohitaji kusukumwa. Ilikuwa kama kumshika mkono mtu anayejua kutembea. Libérate akasimama.

"Panda, sista."

"Bado mapema."

"Wale watoto wanakungoja. Barafu hainisubiri mimi. Panda nione inavyokwenda."

Marsela akapanda. Aliniambia kwamba hajawahi kuona kitu kama kile maishani mwake. Miguu ilizunguka haraka bila uzito, na mlima, ule mlima uliomfanya alie peke yake siku ya kwanza, ukawa unapita chini yake polepole, jiwe kwa jiwe. Alicheka kwa sauti, hakuna aliyemsikia. Kwenye kona aligeuka. Libérate alikuwa chini sana, amesimama, mkono mmoja umeshika kikapu na mwingine ameuinua juu.

Huko kanisani akina mama walishangaa kumwona mapema. Barafu ilikuwa ngumu, inagongana kisandukuni. Hakumwaga dawa hata kidogo. Tangu siku hiyo watoto wa juu walichanjwa wote, na surua ilipokuja tena mwaka uliofuata ilipita pembeni. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ni kweli, na Marsela mwenyewe alilisema kila mara alipoisimulia habari hii.

Lakini alirudi mapema pia. Mlima wa Kapala kwa kuteremka na breki zile mpya ulikuwa mchezo. Jua likiwa bado juu alikuwa ameshavuka kijito, ameshaosha kisanduku, amefagia ua uliokuwa umefagiliwa. Akakaa kwenye kigoda. Zamani Alhamisi ilimtupa kitandani kama gunia. Sasa ilimwachia alasiri nzima, na hakujua aifanye nini. Alifungua redio, akasikiliza matangazo ya vifo vya watu wa mikoa mingine, majina na majina ya jamaa wanaojulishwa, hadi betri zikaanza kukoroma. Tulimwona kutoka mashambani, amekaa, mikono mapajani. Tukadhani anapumzika.

Alhamisi zilizofuata alimkuta Libérate njiani, siyo kwenye jiwe tena, kwa sababu hakukuwa na cha kusubiri. Alishuka mara mbili tatu wakatembea kidogo. Kila mara Libérate alimfukuza kwa upole. Kisha salamu zikawa za juu ya baiskeli.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, sista. Pita tu, pita."

Kisha Marsela akaanza kuondoka mapema zaidi, kabla jua halijachoma barafu, na wakawa hawakutani. Mvua zikaja, njia ikawa tope, zikaisha. Marsela alimkumbuka mara nyingi, alisema, lakini alimkumbuka kama mtu unayejua yuko. Alijisemea kwamba Alhamisi ijayo atachelewa makusudi. Alhamisi ijayo kulikuwa na mgonjwa, au mvua, au bwana wa mradi anakuja kukagua.

Siku moja, wakati wa kuvuna maharage, alikuwa kanisani anachanja. Mama mmoja wa Kisukuma aliyeitwa Nyanzala, ambaye shamba lake lilipakana na la Libérate, alikuwa amempakata mtoto. Marsela akamwuliza huku anavuta dawa kwenye sindano.

"Mama Arcade hajambo? Simwoni siku hizi."

Nyanzala alimtazama.

"Mama Arcade alishahama, sista. Mwanawe alikuja kumchukua. Yuko Katumba."

"Lini?"

"Tangu mwezi ule mwingine. Goti lilikataa mlima. Alikuwa akipanda na kikapu anakaa chini kila kona, mpaka jioni. Shamba kaniachia mimi." Akamhamishia mtoto paja jingine. "Kwani hamkuagana? Alisema anakwenda kukusubiri barabarani akuage."

Marsela alimchoma mtoto, akabana pamba, akasema afuate mwingine. Hakukosea kitu siku hiyo. Lakini wakati wa kushuka alisimamisha baiskeli kwenye kona na kukumbuka. Ilikuwa Alhamisi moja, alasiri, anateremka kwa kasi, upepo masikioni. Kando ya njia alikuwa amesimama mwanamke aliyevaa kitenge kizuri cha Jumapili, na kando yake kijana na mzigo. Alimtambua alipokuwa ameshampita. Alipiga kengele, akainua mkono. Yule mwanamke naye aliinua mkono. Marsela alidhani ni salamu.

Aliomba ruhusa kwa tabibu. Akapata lori la maharage hadi Mpanda, baiskeli ikafungwa juu ya magunia, na kutoka mjini akakanyaga kwenda Katumba, kando ya reli. Huko ni tambarare, njia zimenyooka na nyumba zimepangwa. Aliuliza nyumba ya mjomba wa Arcade, akaonyeshwa.

Libérate alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, wajukuu wa kaka yake wamemzunguka. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipomwona aliinuka kwa kushika ukuta.

"Yesu wangu, sista! Mmekuja wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Leteni kiti! Nyie watoto, leteni kiti cha mgeni!"

Wakamletea kiti, wakampikia ugali na maharage, wakachinja na kuku. Kaka mtu akaja kumsalimu, akashukuru kwa wema aliomfanyia dada yake. Majirani nao wakaja. Marsela alikaa kwenye kile kiti, juu kuliko wote, akajibu habari za safari. Hawakupata nafasi ya kusema lolote. Mpaka alipoaga, na Libérate, kwa goti lake lile, akasema atamsindikiza mpaka kwenye reli.

Walitembea polepole, Marsela anaongoza baiskeli kwa mkono.

"Ulinisubiri barabarani," Marsela alisema.

"Nilikusubiri."

"Sikujua ulikuwa unaondoka. Ungeniita."

"Nilikuita, sista. Ulikuwa umeshafika kwenye daraja la chini ya mlima." Libérate alicheka kidogo, bila ubaya. "Nikamwambia Arcade, mwache, ana kazi ya watoto wa watu."

Treni ya Tabora ilikuwa imesimama mbali, inatoa moshi, na watoto walikuwa wanauza karanga madirishani.

"Basi nikuulize jambo," Libérate akaendelea. "Arcade amenisumbua na hii baiskeli ya gia. Ameiona mjini, hali, halali. Ana ile ya mjomba wake, nzima, inabeba gunia mbili, na Jumapili ananipeleka nayo kanisani. Anasema imepitwa na wakati. Wewe unayo. Inafaa?"

Marsela aliitazama baiskeli kama vile ameulizwa habari za mtu anayemjua.

"Kwa mlima inafaa, mama. Sitakudanganya. Kule kwetu imeokoa watoto."

"Na hapa?"

"Hapa hakuna mlima. Na haina karia. Akiinunua, wewe kanisani utakwenda kwa miguu."

"Kwa goti hili!"

"Mwambie akae na ile ile. Awekee matairi mapya."

"Nitamwambia sista amesema." Libérate alisimama. Walikuwa wamefika kwenye reli. "Mimi naishia hapa. Mlima wako nani anakusindikiza siku hizi?"

"Hakuna. Ni haraka tu."

Libérate akamshika mkono, akaukalisha kifuani mwake kwa muda, akauachia. Marsela alipovuka reli na kugeuka alimwona anarudi, mtoto mmoja amekuja kumshika, wanakwenda kwa mwendo wa goti.

Alikwenda Katumba mara moja tena. Safari ya tatu aliambiwa Libérate amepelekwa Kigoma kwa jamaa kutibiwa, na baadaye habari zikakatika, kama habari za watu wengi zilivyokatika miaka ile, mipaka ilipojaa watu wanaokwenda na wanaorudi. Kama alifariki au aliishi, Marsela hakujua. Alisema hilo ndilo lililomsumbua. Msiba una mahali pa kukaa. Yeye hakuwa na mahali.

Mwaka wa tisini na saba alihamishiwa Kibaoni, upande wa Mpimbwe. Zahanati yetu iliagana naye kwa soda na hotuba. Tabibu alisema idadi ya watoto waliochanjwa ilikuwa ya mfano. Alisimama akashukuru, na kwa sababu ya sauti yake watu wa nyuma hawakusikia alichosema. Mradi ulimruhusu kwenda na baiskeli yake.

Nilimkuta huko miaka mingi baadaye, nilipokwenda kununua mpunga. Kibaoni ni joto, ni tambarare, mashamba ya mpunga yanakwenda mpaka macho yanachoka. Nyumba yake ilikuwa nzuri, ina bati na sakafu. Ile baiskeli nyekundu ilikuwa imeegemezwa ukutani ndani, imefunikwa kanga, safi. Alinikaribisha nikae, jambo ambalo kwetu hakuwahi kulifanya. Akapika chai. Ndipo aliponisimulia yote haya, taratibu, huku anatazama mlangoni.

Ilikuwa siku ya gulio. Akasema anataka chumvi, tukatoka kwa miguu. Njia ni ndefu na jua lilikuwa kali, na waendesha baiskeli walitupita wakipiga kengele. Alikuwa anatembea polepole kuliko nilivyomjua, anamjibu kila mtu salamu mpaka mwisho wake, habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mafua. Sokoni mama mmoja muuza mpunga alimtambua.

"Sista, baiskeli yako imeharibika?"

"Hapana. Nzima."

"Sasa mbona unatembea na jua hili? Ningekuwa na ya gia kama ile nisingekanyaga chini."

Marsela aliinama, akachota mpunga kwa kiganja, akaupuliza makapi.

"Huu ni wa mwaka huu?" aliuliza.

"Wa mwaka huu, sista. Kaa basi kwenye kivuli nikupimie."

Akakaa.